Siti Hakuwa Sauti Tu: Dhidi ya Uhakiki wa Wasifu

Imezoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwamba mwanamume aimbaye huitwa malenga, na mwanamke aimbaye huitwa sauti. Wa kwanza hutafutiwa mizani, jazanda na falsafa. Wa pili hutafutiwa kijiji alikozaliwa, waume aliotengana nao na mavazi aliyoyavaa jukwaani.

Siti binti Saad (1880–1950) ndiye mfano ulio bayana zaidi. Safari yake yajulikana na kila msomi: kuzaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, jina la awali la Mtumwa, kuuza vyungu mjini, hatimaye Bombay mwaka 1928, alikokwenda na wenzake kurekodi santuri. Lakini msomi huyohuyo akiulizwa wimbo mmoja wa Siti umesukwaje, aghalabu hunyamaza.

Chanzo cha maarifa hayo ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliochapishwa kwanza mwaka 1958. Mwandishi mwenyewe halaumiki. Alitambua mapema kuliko wengi kwamba mwimbaji wa kike aliyetoka katika unyonge alistahili kitabu kizima. Kosa ni la wahakiki waliokisoma kama kitabu cha maadili na kuishia hapo. Mikononi mwao Siti amekuwa mhusika wa Shaaban Robert, dada wa Adili na Utubora, ilhali alikuwa msanii mwenzake.

Na usanii wenyewe haukufichika. Mahasimu walipoikejeli sura yake na asili yake, alijibu kwa wimbo usiotetea uzuri wake hata kidogo. Aliihamisha hoja yote kutoka uso hadi akili, akawaacha washindani wakipigania uwanja alioukwisha kuuhama. Katika wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja, lawama haiishii kwa muuaji. Inaifikia mahakama iliyowageuzia kibao wanawake waliofika kutoa ushahidi. Kama shairi la kiume lingalithubutu kuisuta sheria ya kikoloni namna hiyo, lingalikwisha kuandikiwa tasnifu kadhaa.

Hapo hutolewa pingamizi kwamba Siti hakujua kuandika, na kwamba nyimbo hizo zilitungwa pamoja na kina Mbaruk na Buda. Ni kweli. Lakini Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alifikia karatasi kwa kupitia vinywa vya watu na mikono ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, muda mrefu baada ya kufa kwake, wala hakuna aliyemvua umalenga kwa sababu hiyo. Kipimo ni kimoja. Kinachobadilika ni jinsia ya anayepimwa.

Kamera ilikuja kuirithi tabia ya kalamu. Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti na kuziimba kwa namna yake hadi kufariki kwake Aprili 2013, alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na filamu ya Andy Jones mwaka 2006, ambayo hata anwani yake inatanguliza uzee. Yaliyozungumzwa juu yake kwa wingi ni umri wake usiojulikana na sigara yake. Kwamba alikuwa mwalimu wa unyago, mwenye hazina nzima ya nyimbo za kuwafunda wari, hutajwa kama kichekesho cha pembeni, kana kwamba unyago si chuo na nyimbo zake si matini.

Haiwezi kusemwa kwamba matini hayapatikani. Mwaka 1966 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam, kilitoa Waimbaji wa Juzi, mkusanyo unaomweka Siti pamoja na wenzake wa kiume kama watunzi. Kitabu hicho husahauliwa rafuni huku Wasifu ukitajwa kila mahali. Mtahiniwa wa uzamili anayependekeza kuandika juu ya maisha ya Siti hukubaliwa siku hiyohiyo. Anayependekeza kuzichambua nyimbo zake beti kwa beti hushauriwa ajaribu idara ya muziki.