Kompyuta Haijafa, Windows Ndiyo Iliyoikataa

Pita kwenye maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi hapa Gisenyi, utasikia hukumu ileile: "Mashine hii imezeeka, nunua nyingine." Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, mafundi wamepata sababu ya kuirudia kwa sauti kubwa zaidi. Windows 11 inadai RAM isiyopungua GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina chipu hiyo. Basi mwenye duka anashauriwa akope, ilhali kioo, kibodi na diski yake ni vizima.

Huo ni uvivu wa mafundi, na anayeulipia ni mteja.

Ukitaja Linux, mfumo unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, unajibiwa kwamba hiyo ni ya wahandisi. Jibu hilo ni aibu kutolewa Rwanda. Kuanzia 2008, kwa mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, shule zetu za msingi zilipokea zaidi ya kompyuta 200,000 za XO. Toleo la kwanza lilikuwa na RAM ya MB 256 tu, nalo liliendeshwa na Linux. Mpango ulisumbuliwa na umeme na uhaba wa mafunzo ya walimu, lakini watumiaji wake walikuwa watoto wa shule ya msingi. Mtu mzima anaogopa nini?

Kuanza ni rahisi. Mashine yenye RAM ya GB 2 au zaidi iandalie Linux Mint, toleo la Xfce, kwenye flashi ya GB 8. Iliyo dhaifu zaidi ijaribie antiX, Linux nyepesi zaidi. Iwashe kutokea kwenye flashi, bila kugusa diski. Pima Wi-Fi na printa. Ukiridhika, hifadhi mafaili yako kwingine, ndipo usakinishe. Barua utaziandika kwa LibreOffice, na Irembo, tovuti ya huduma za serikali, utaifungua kwa Firefox.

Ni kweli, Linux haiponyi diski mbovu, na mwenye programu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows pekee ana sababu ya kubaki huko. Wengine hatuna.

Kwa hiyo, kabla hujatoa faranga hata moja, mwambie fundi akuonyeshe mashine yako ikishindwa kufanya kazi kwa Linux. Asipoweza kukuonyesha, ichukue urudi nayo nyumbani.