Risala ya Wagonjwa wa Presha na Kisukari kwa Mganga Mkuu wa Mkoa






Tumevumilia kwa muda mrefu, maana tunaona jinsi wahudumu wetu walivyoelemewa. Leo tunaomba utusikilize.

1. Mheshimiwa, tukihofia moyo tunaandikiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, tunaambiwa moyo unasukuma damu vizuri, tunarudi nyumbani. Eko huonyesha misuli na vali. Chokaa iliyoganda kwenye mishipa inayoulisha moyo haihesabu. Wapo wenzetu walioanguka ghafla, majibu mazuri ya eko yakiwa bado mkobani. Chokaa hiyo huonekana kwa CT scan isiyohitaji sindano ya dawa. Mgonjwa hulala, hubana pumzi sekunde chache, basi. Alama zake huhesabiwa kwa utaratibu uliochapishwa na Dkt. Arthur Agatston na wenzake mwaka 1990: sifuri maana yake chokaa haikuonekana, na kuanzia 100 kwa kawaida hushauriwa dawa ya kupunguza lehemu. Tunaomba mashine iliyopo, ambayo sasa ni ya majeruhi na wagonjwa wa kiharusi, iwekewe programu ya kipimo hiki na kutengewa siku.

2. Hatuombi kila mtu apimwe kwa CT scan. Mionzi hata ikiwa kidogo ni mionzi. Lakini wengi wetu hatujapimwa hata lehemu, kwa kuwa vitendanishi huisha. Tunaomba vitendanishi vipatikane, na kwanza litumike jedwali la kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo la Shirika la Afya Duniani la 2019, linalotazama umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na lehemu. Mwenye hatari kubwa aanze dawa bila kungoja picha. CT scan ibaki kwa yule ambaye daktari bado anasita juu yake.

3. Majibu tunakabidhiwa dirishani, kwa Kiingereza. Tunaomba daktari atueleze kwa Kiswahili, hasa kwamba sifuri si ruhusa ya kuacha dawa za presha. Na mwenye maumivu ya kifua asirudishwe kwa sababu ya sifuri, kwani mafuta laini yasiyo na chokaa nayo huziba mshipa.

4. Gharama za vipimo tunazibeba wenyewe, na dawa za lehemu hukosekana. Tunaomba utufikishie wizarani ombi la bima kulipia kipimo, na dawa zipatikane hapa hospitalini.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.