Kisiwa kwa Basi
Ndugu zetu wa Brussels wanapotutumia picha za nyumba nyeupe za Santorini, sisi wa Bunia huguna kana kwamba Mungu alitunyima visiwa. Vipo: Ssese, 84 kwa jumla, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na hufikiwa bila ndege wala gari la kukodi. Unapanda hadi Mahagi (ukiisha kuuliza habari za usalama barabarani, maana kitabu cha watalii hakitakuambia), unavuka mpaka Goli, pasipoti na karatasi ya homa ya manjano mkononi, unashika basi Nebbi, unapita daraja la Nile pale Pakwach, unalala Kampala. Lala kweli! Tunaharibu likizo kwa kutaka kufika siku hiyo hiyo, kama wachuuzi wa samaki wanaokimbizana na jua. Kumbuka pia kwamba Uganda imetutangulia kwa saa moja. Asiyesogeza saa yake mpakani ataona mgongo wa kivuko. Kesho yake teksi za pamoja zinakufikisha Masaka, kisha gati la Bukakata, ambako kivuko cha kwenda Luuku, kisiwani Bugala, hakilipishi hata shilingi. Huko ni bodaboda, mchanga na sangara. Kuogelea sishauri: kichocho ni kichocho hata mahali pazuri. Na bajeti? Weka ya kwenda, ya kurudi, na ya siku moja ambayo kivuko kitaamua kupumzika kabla yako.