Mvua Hatuiwezi, Bajeti Tunaiweza



Kila ukame ukikaza, simu zetu hujaa picha zile zile. Mizoga ya ng'ombe, mama na mtungi mtupu, mtoto mbavu nje. Tunashea, tunaandika "Subhanallah", tunatuma mia mbili kwa M-Pesa. Mvua ikinyesha, sote tunasahau. Mimi nataka tuongee sasa, kabla picha hazijaanza kuzunguka tena.

Tutenganishe mambo mawili. Ukame ni kukosa mvua. Njaa ni kukosa chakula. Ukame unaletwa na hali ya hewa: maji ya Bahari ya Pasifiki yakipoa, ile wanayoita La Niña, mvua ya vuli huku kwetu mara nyingi hupungua. Joto la dunia nalo linakausha nyasi haraka zaidi. Hapo huna la kumlaumu mheshimiwa. Lakini njaa? Njaa ina mkono wa binadamu.

Angalia ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya, na mwanzoni mwa 2023 Wakenya zaidi ya milioni 4 walihitaji chakula cha msaada. Sasa jiulize: misimu mitano ni ghafla? Hiyo ni zaidi ya miaka miwili ya kuonywa. Mamlaka ya kitaifa ya ukame, NDMA, hufuatilia kaunti 23 kame na kutoa ripoti kila mwezi: hapa ni kawaida, hapa tahadhari, hapa hatari, hapa dharura. Habari ilikuwepo. Kilichochelewa ni hatua.

Na kuchelewa ndiko kunakoua. Mfugaji wa Wajir au Marsabit halali njaa siku ile mvua inapokosa. Kwanza nyasi zinaisha, mifugo inapelekwa mbali, na maziwa yanaondoka nyumbani. Watoto wadogo wanaanza kukonda. Mbuzi naye anakonda, bei yake sokoni inashuka, na unga unapanda. Mbuzi yule yule ananunua unga kidogo kila wiki. Ada ya shule inakosekana, na mara nyingi msichana ndiye wa kwanza kubaki nyumbani, au kuozwa mapema. Kila hatua hapo ina wiki kadhaa ambazo mtu angeweza kuingilia.

Kuingilia vipi? Serikali inaweza kununua mifugo mapema, ingali na nyama na bei, ili mfugaji abaki na pesa badala ya mizoga. Inaweza kutuma pesa kwa familia kabla hazijauza mbuzi wa mwisho. Silanga zichimbuliwe tope kabla ya mvua, sio baada. Mashine za visima zitengenezwe kabla foleni ya ngamia haijafika. Bima ya mifugo ipo, hutumia picha za setilaiti kuona nyasi zimeisha wapi, lakini wafugaji wengi hawajafikiwa. Bauza la maji la dharura ni ghali na halibakishi kitu. Na tusidanganyane: kuna watu ambao ukame kwao ni tenda.

Mwisho wa 2023 mvua ilikuja kwa kishindo. Garissa, Tana River na Mandera, zilizotoka tu kwenye kiu, zikafurika. Maji mengi yakapita yakaenda zake, manake hapakuwa na pa kuyaweka.

Hali hii ina historia. Waraka Nambari 10 wa serikali wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende penye ardhi nzuri na mvua, zizae haraka. Kaskazini ikawekwa kando. Katiba ya 2010 ilikuja kurekebisha: Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokufa njaa na ya kupata maji safi. Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kwa hivyo maji hayaombwi kama sadaka. Yanadaiwa.

Kuna watakaosema huu ni mtihani wa Allah, tuswali tuombe mvua. Naam, tuswali. Zaka na sadaka pia zitoke. Lakini kumbuka Nabii Yusuf alayhi salaam. Alipojua miaka saba ya ukame inakuja, aliagiza nafaka iwekwe akiba miaka ya neema. Ile ilikuwa ibada, na ilikuwa bajeti.

Kaunti hupeleka makadirio ya bajeti bungeni kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Jikusanyeni watano tu katika wadi yenu. Someni ripoti ya NDMA ya mwezi huu. Muulizeni MCA wenu maswali matatu: pesa za ukame ni ngapi, zitatoka katika hatua gani, na silanga gani zitachimbuliwa mwaka huu? Akikwepa, andikeni barua rasmi. Ibara ya 35 inawapa haki ya kupata habari. Majibu yakija, yawekeni wazi watu wayaone.

Hiyo nayo ni picha ya kushea.

Wabillahi tawfiq.