Bia ya Kiingereza waachieni Waingereza, sisi tuuze kimea



Siku hizi napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wa Tabora na Nzega. Wameona kwenye simu watu wakitengeneza nyumbani bia ya zamani ya Kiingereza, ile ya rangi ya dhahabu yenye uchungu, na wananiuliza: bwana shamba, shayiri na hopsi tunapata wapi?

Shayiri nchini inalimwa kwenye nyanda za baridi, kama Karatu, Monduli na West Kilimanjaro. Hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, yanatoka nje ya nchi. Yaani kijana wa Tabora anunue nafaka ya mbali, maua ya ng'ambo na chachu ya pakiti, halafu yeye achangie nini? Maji? Mimi sioni biashara ya mkulima hapo.

Lakini historia ya bia hiyo ina jambo la kutufaa. Umaarufu wake mkubwa ulitokea mji wa Burton upon Trent, ambako kuanzia miaka ya 1820 walitengeneza bia ya kupeleka India kwa meli. Safari ilikuwa ya miezi. Hopsi nyingi zilisaidia isiharibike njiani. Kwa hiyo Mwingereza aliuza bia kwa sababu bia yake iliweza kusafiri.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 7 Novemba 1857 aliingia hapa Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, Mwingereza mwenye jina kama la mji ule, Richard Burton, pamoja na mwenzake Speke, kwa njia ya misafara kutoka pwani. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza pombe ya huku inavyopikwa. Nusu ya nafaka inalowekwa mpaka iote. Nusu nyingine inatwangwa, inachanganywa na kimea kilichotwangwa, na wakati mwingine asali kidogo. Inachemshwa mara mbili tatu kwenye vyungu vikubwa, inachujwa kwa mfuko wa ukindu, inaachwa iumuke. Ikifika siku ya tatu, anasema, inakuwa kali kama siki.

Yeyote aliyekaa jikoni na mama mpika pombe ataona kwamba mgeni huyu ameruka hatua. Ukichemsha kimea pamoja na unga tangu mwanzo umeua nguvu yake. Wanga wa mtama hauivi vizuri mpaka moto upite nyuzi 70, na nguvu ya kimea ya kugeuza wanga kuwa sukari inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 55 mpaka 65 hivi, juu ya hapo inakufa. Ndiyo maana mama zetu wanapika uji kwanza, wanauacha upoe mpaka kidole kinaingia lakini hakikai, ndipo wanatia kimea. Hawana kipimajoto na wanapatia. Kwa hiyo anayetaka kujaribu mapishi ya Burton asianze na kitabu, aanze na mama wa kilabuni.

Ila kuhusu siku ya tatu alikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Pombe ya mtama haisafiri. Msafara ulikuja na mamia ya wapagazi wenye njaa na kiu, wakanywea hapahapa, wakaendelea kwenda Ujiji au kurudi Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ikaisha, pombe ikabaki na tabia yake ileile. Hata leo mama akipika ndoo kumi na mvua ikanyesha mnadani, mtaji wake umemwagika. Mkulima kijana, usiingie kwenye hatari hiyo. Tena kuuza pombe kunataka leseni, sheria ya vileo ipo tangu 1968.

Kinachosafiri ni kimea. Kikikaushwa vizuri kinakaa miezi kwenye gunia. Na hakiendi kilabuni tu, kinaingia kwenye togwa na uji pia. Wale watakaosema bwana shamba anahamasisha ulevi nawaomba wasome sentensi hiyo tena.

Sasa hesabu, maana hapa wengi wanadanganyana kwenye magrupu. Nafaka inapoota inapumua, inapoteza uzito, na vichipukizi unavitoa. Panga kwamba kilo 100 za mtama zitakurudishia kilo 80 za kimea. Tuseme mtama ni shilingi 800 kwa kilo. Ukiuza kimea kwa 1,000 umepata 80,000, sawasawa na kama ungeuza mtama wako siku ya kwanza. Umefanya kazi wiki nzima bure. Weka maji, turubai na kibarua, mimi nasema chini ya mara moja na nusu ya bei ya mtama usiguse.

Mtama wa Macia, huu mweupe, unafaa. Kwelea kwelea nao wanaupenda, kwa hiyo pangeni na majirani mpande kwa wakati mmoja, shamba lililoiva peke yake linaliwa lote. Kabla ya kuotesha hesabu punje 100 uziloweke: zisipoota 90, tafuta mtama mwingine. Na tafadhali sana, mbegu iliyotiwa dawa ya dukani haiwi kimea hata siku moja, hata ukiiosha mara saba.

Loweka siku moja ukibadilisha maji, tandaza kivulini, nyunyizia na kugeuza siku nne au tano, kisha anika juani kwenye turubai au kichanja, siyo chini. Ikivunda au ikiota ukungu, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Zikikauka, pikicha uondoe vichipukizi na mizizi yote, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu ya sayanidi. Usimpe ng'ombe wala kuku. Hatua hii wavivu wanairuka, na ndiyo itakayomfanya mnunuzi wa uji wa mtoto akuamini au akukimbie.

Najua mtaniuliza, na tumbaku je? Sijasema mng'oe tumbaku, wengi wenu mna mikataba na pembejeo za mkopo. Ninachosema ni kwamba ekari moja ya mtama haihitaji kuni za kukaushia, jua la Tabora lipo la bure kuanzia Mei, na miti ya miombo iliyobaki tunaihitaji kwa mizinga ya nyuki. Ile asali kidogo aliyoandika Burton ilitoka kwenye misitu hii.

Mvua zinaanza Novemba, muda upo. Kabla hujanunua mbegu, otesha kilo tano jikoni kwako, wapelekee wapika pombe watatu na mama mmoja wa togwa, bure, na uwaulize kila mmoja anatumia debe ngapi kwa mwezi. Andika majibu yao kwenye daftari, halafu nitumie tupange ekari pamoja.