Mwendo wa Mahujaji

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, wako Wakristo wa Kenya wanaokwenda kwa miguu mpaka Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kwa mtu wa Thika safari hiyo ni zaidi ya kilomita 600. Hata akitembea kilomita 30 kila siku, hafiki kabla ya siku 20.

Basi, yafaa kikundi kijipime kwanza kwa kwenda Thika mpaka Ruiru, kilomita kama 20. Hapo watu watano au sita watajua kiatu cha nani kinabana, nani hakuchukua maji, na nani hutangulia asitazame nyuma. Mwendo wa kikundi ni mwendo wa aliye dhaifu. Mwenye nguvu na ajifunze kungoja.

Naye atakayeshindwa njiani asichekwe. Mjini Thika liko kanisa lenye jina la Mtakatifu Matia Mulumba. Mwezi wa Mei 1886 yeye na wenzake walikuwa wakipelekwa Namugongo wakauawe, lakini hakufika huko. Alikatwa viungo Kampala, akaachwa afe peke yake. Hata hivyo, Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 mwaka 1964, Mulumba alikuwa miongoni mwao.

Kumbe wapo wasiofika Namugongo, na bado wakahesabiwa pamoja na waliofika. Kikundi kinachomwacha mwenzake kando ya njia ndicho kilichopotea.