ALIYEPASULIWA TUMBO ASIACHIWE STENDI

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile, ukiwamo ule wa kuondoa ngozi na mafuta yaliyozidi tumboni na kukaza misuli iliyolegea. Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Wako wanaocheka na kusema hiyo ni anasa ya wenye fedha. Wako wanaosifu kwamba safari za India zitapungua. Sisi hatuna ugomvi na upande wowote, ingawa twaona kuwa mama aliyezaa watoto watano, misuli ya tumbo lake ikaachana hata akashindwa kunyoosha mgongo, hastahili kuchekwa. Linalotusumbua ni lile ambalo halisemwi: mgonjwa huyo akisharuhusiwa, anarudije kwake, na huko anaponaje?

Tuchukue mfano wa Tunduma, mpakani mwa Zambia. Kutoka Mloganzila hadi huko ni mwendo wa kilomita zipatazo 900, na wengi huenda kwa basi. Mwenye uwezo atapanda ndege hadi Uwanja wa Songwe (ambao, licha ya jina lake, uko Mkoa wa Mbeya) kisha atamalizia kwa gari. Asiye na uwezo atakaa kitini kutwa nzima. Kukaa hivyo bila kujinyoosha, katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, kwaweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu, na bonge hilo likipanda mapafuni huua. Ndugu zetu wa Visiwani nao wasidhani kuwa habari hii ni ya bara peke yake. Boti ya Unguja ni ya muda mfupi, lakini bahari ikichafuka, kutapika juu ya mshono mbichi si jambo dogo. Na wa Pemba ana safari ndefu zaidi.

Akifika nyumbani, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mkato huenda kutoka nyonga hadi nyonga. Siku za awali mgonjwa hutembea ameinama, hulala chali akiwa ameinuliwa mgongo na magoti, na pengine huwa na mirija ya kutoa majimaji ambayo lazima itazamwe kila siku. Hapaswi kulala tu. Sharti atembee kidogo kidogo. Asiinue kitu kizito kwa muda wa wiki sita hivi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, na Tunduma ni mji uliohangaika na shida ya maji kwa miaka mingi. Nani atamchotea?

Hapa twataka kusema wazi na mama zetu, hasa wa Pwani na Visiwani. Mkaja na kukandwa kwa maji ya moto ni mila ya kumtunza mzazi, nasi hatuibezi. Lakini tumbo lililopasuliwa ni jambo jingine. Ngozi ya chini ya kitovu huweza kufa ganzi kwa miezi, hivyo maji ya moto yataiunguza na mwenyewe asihisi. Mkanda atakaofunga ni ule alioagizwa na daktari, kwa kipimo chake. Si kanga iliyokazwa mpaka pumzi ikakatika. Onyo hili lamhusu pia mama aliyejifungua kwa upasuaji, na hao ni wengi mno kuliko wa Mloganzila: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa kwa njia hiyo.

Kwa wakubwa wa Serikali tuna haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Mkuu wa idara asimwite mtumishi ofisini baada ya wiki moja kwa kuwa eti alikwenda kujirembesha. Mama anayevusha mizigo kwenda Nakonde hana likizo yoyote; kwake yeye ushauri wa kujiwekea akiba ya wiki sita lazima utolewe kabla ya kisu, si baada yake.

Na hospitali inayopasua imwandikie mgonjwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe pale Vwawa, ikieleza alichofanyiwa na siku ya kutazamwa. Maelekezo apewe pia yule atakayemwuguza, kwa Kiswahili chepesi: akiona homa, usaha, harufu mbaya, mshono kufumuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana, asingoje asubuhi. Karatasi moja yatosha kuyabeba hayo yote, nayo itolewe mgonjwa akiwa bado kitandani.